Mke wangu ni mtu wa chakula: nimpeleke mkahawa gani siku yake ya kuzaliwa?

SWALI: Shikamoo mama. Mke wangu anatimiza miaka 35 mwezi ujao, na tarehe imeangukia Jumamosi. Tunaishi Tabata. Yeye ni mtu wa Tanga, mimi wa Njombe, na kwenye chakula tumeachana kama hiyo mikoa ilivyoachana: mimi nikishiba nimemaliza, yeye akishiba ndiyo kwanza anaanza kuongea. Akitoka harusini ataichambua pilau mpaka tunafika nyumbani. Jikoni kwetu kila dirisha lina mtungi wa achari, togwa anachachusha mwenyewe, na juzi karudia mkate wa kumimina mara tatu kwa sababu haukutoa matundu anayoyataka. Mwaka jana nilimpeleka hoteli kubwa ya ufukweni, bafe ya vyakula vya baharini, nikalipa hela nyingi. Ana mzio wa kamba, akila midomo inavimba, na mimi nilisahau. Alikula wali na kachumbari, akashukuru, akanyamaza njia nzima. Mwaka huu nina 250,000 na sitaki kukosea tena. Hatunywi pombe, na tunakula halali. Nichague mkahawa gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hapo kwenye pilau ya harusi, mara ya pili nikakwama kwenye mkate wa kumimina. Umeuliza mkahawa, na jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Nitalifikia. Kwanza tuizungumze hiyo bafe, maana hapo ndipo waume wengi mnapotelezea, na nimewaona mkiteleza nikiwa upande wa pili, nyuma ya sufuria, kwa miaka 26.

Bafe ni ya mtu kama wewe, usinichukie. Ni chakula cha kushiba. Mpishi anapika saa kumi na moja jioni, chakula kinapangwa kwenye yale masinia ya kupashia yenye maji ya moto chini, na mgeni wa saa tatu usiku anakikuta kimekaa hapo saa nne nzima. Viko vinavyovumilia. Maharage yanavumilia, nyama ya mchuzi inavumilia, biriani hivyo hivyo. Samaki wa kupaka havumilii. Yule anatoka kwenye makaa, anapakwa tui zito, anarudishwa kwenye makaa dakika chache, analiwa. Ukimlaza juu ya maji ya moto, tui linakatika, mafuta yanaelea juu, chini zinabaki chenga, na nyama ya samaki inakuwa pamba. Mtu wa Tanga akifunua akaona tui limekatika, ameshaijua jioni yote itakavyokuwa. Mimi sidhani mkeo alinuna. Nadhani alikosa cha kusema, na wewe mwenyewe umeniambia kusema ndiyo nusu ya mlo wake.

Halafu huo mzio. Usiuweke kwenye fungu la "hapendi kamba". Mwenye mzio wa kamba mara nyingi haelewani na kaa wala kambakochi pia, na hatari haiko kwenye sahani yake peke yake. Chipsi zake zinaweza kuwa zimekaangwa kwenye mafuta yaleyale yaliyotoa kamba dakika tano kabla. Koleo moja linageuza vyote. Kwenye jiko linalopika kamba kutwa, mpishi mwenye nia njema kabisa anaweza kukuapia kwamba sahani ni salama na akawa amekosea. Na kama amewahi kubanwa kifua baada ya kula, hilo la daktari kwanza, mkahawa baadaye.

Kwa hiyo tumeshapunguza nusu ya mji: mikahawa yote inayoringia samaki na kamba. Nyingi ya hiyo ndiyo yenye mandhari pia, na hilo lisikuumize. Karambezi, pale Sea Cliff, imekaa juu ya jabali na bahari iko chini ya miguu yako. Kwa mtu wa bara kama wewe ni kitu cha kukumbuka. Mkeo kazaliwa Tanga. Bahari ameiona.

Nikupe kisa kimoja. Ni hoteli ya mjini, jina tuliache, miaka ya 2000 mwanzoni. Jioni hiyo nilikuwa napika mchuzi wa kuku, nikatupia ndimu kavu mbili, zile nyeusi, nyepesi kama ganda tupu, wanazotumia Oman. Jirani yangu alikuwa ametoka Muscat akaniletea mfuko. Sikumwambia mtu. Baada ya dakika kumi mhudumu anarudi: mama wa meza ya ukingoni anauliza kwenye mchuzi mmetia nini, anasema si ndimu, si ukwaju, si siki. Nikamwambia mhudumu, mwambie abahatishe. Akaenda, akarudi: anasema ni kitu chachu lakini kimekaushwa juani.

Meneja wetu alikuwa hataki mgeni akaribie jiko. Basi nikachukua ndimu kavu moja, nikaipasua kwa kisu ili aone ndani ilivyo kama lami, nikaiweka kwenye kisosi, nikaipeleka mwenyewe na aproni yangu yenye bizari. Aliinusa, akapitisha kidole, akalamba, akafumba macho. Mumewe alikuwa amesimama ukutani anapiga picha taa za meli. Keki ilipoletwa waliikata vizuri tu, wakapigiwa makofi. Lakini alipoondoka aliniomba ile nusu ya ndimu iliyobaki, akaifunga kwenye tishu, akaitia pochini. Keki aliiacha mezani.

Huyo ndiye mkeo, kwa jinsi ulivyonieleza. Wanaosemwa kwamba "wanapenda chakula" hawafanani. Yuko anayependa kukaa na watu, chakula ni kisingizio. Yuko anayependa mahali pazuri na nguo nzuri. Na yuko fundi. Fundi akienda mkahawani anakwenda kuiba. Anataka akute kitu ambacho jikoni kwake hakijawahi kuingia, na akae karibu na aliyekitengeneza. Ukimpeleka fundi wa Tanga kwenye pilau, hata iwe pilau ya maana namna gani, unampeleka kusahihisha madaftari siku yake ya kuzaliwa.

Haya, turudi kwenye mitungi yako. Achari, togwa, mkate wa kumimina. Umeona undugu wao? Vyote vinachachuka au kuumuka. Mtu anayeloweka mchele, akausaga na tui, akatia hamira, akasubiri uumuke, halafu akarudia mara tatu kwa sababu matundu hayakutosha, ana ugonjwa maalumu, na ugonjwa huo una dawa. Wako watu ambao matundu hayohayo wameyashughulikia kwa vizazi na vizazi, nao ni Wahabeshi, watu wa Ethiopia.

Injera yao ni unga wa tefu, nafaka ndogo kuliko hata ulezi. Unakorogwa na maji pamoja na yale majimaji ya chachu yaliyobaki kwenye mkorogo uliopita, wanayaita ersho, ukaachwa siku mbili tatu mpaka uchachuke sawasawa. Kisha unamiminwa kwenye kikaango kipana cha duara, kuanzia ukingoni ukizungushwa kuja katikati, unafunikwa, wala haugeuzwi. Upande wa juu matundu yanafumuka mamia kwa mamia. Wenyewe wanayaita macho. Injera isiyo na macho inamwaibisha aliyeipika. Mwambie mkeo habari hiyo kisha utazame uso wake.

Kwa Dar es Salaam, mkahawa wa Kihabeshi ambao wengi tunaufahamu kwa miaka ni Addis in Dar, upande wa Regent Estate. Ningeanzia hapo.

Naona mambo manne yanakufaa, na la kwanza ni mzio. Ethiopia haina pwani tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993, na hata kabla ya hapo mapishi haya yalikuwa ya nyanda za juu: kuku, ng'ombe, kondoo, dengu, mboga. Kamba si mwenyeji kwenye jiko hilo. Bado utawaambia habari ya mzio, lakini unaanza ukiwa mahali salama.

La pili, viungo. Mkeo atajikuta nusu nyumbani, nusu ugenini, na hapo kati ndipo fundi anapopata raha. Kuna mchanganyiko wao unaitwa berbere: pilipili nyekundu, tangawizi, uwatu, iliki ya kwao iliyo tofauti na yetu, na vingine kadha wa kadha. Uwatu ataushika mara moja. Ile iliki itamsumbua usiku kucha. Kisha kuna samli waliyoichemsha na viungo na kuichuja, na mchuzi wa kuku unaoitwa doro wat, ambao siri yake ni vitunguu. Vinakatwa chembechembe, vinakaushwa kwenye sufuria bila mafuta kwanza, moto mdogo, vinakorogwa muda mrefu mpaka vinakuwa uji mwekundu. Samli na berbere vinafuata, kuku anafuata, yai zima lililochemshwa linaingia mwisho. Sisi tunaanza na mafuta kisha kitunguu. Wao wamegeuza. Huo peke yake ni mjadala wa kutoka Regent Estate mpaka Tabata.

La tatu, namna ya kula. Chakula kinakuja kwenye sinia moja, injera imetandikwa chini, michuzi imepangwa juu yake kwa vifungu, mnamega kwa mkono. Kwa mtu wa pwani, sinia na mkono havihitaji maelezo. Wewe wa Njombe umezoea kumega ugali, utafika tu. Na wana desturi inaitwa gursha: unafunga tonge vizuri, unamlisha mwenzio kinywani. Ni alama ya mapenzi na heshima, na kadiri tonge lilivyo kubwa ndivyo mapenzi yalivyo makubwa. Hutafuti maua mwanangu. Funga tonge.

La nne, hampotezi kitu kwa kutokunywa pombe, kwa sababu kinywaji chenye hadhi pale ni kahawa. Palipo na utaratibu kamili, buni inakaangwa mbele yenu, moshi wake mnapitishiwa mnuse, inatwangwa, inachemshwa kwenye birika la udongo lenye shingo, na ubani unafukizwa. Wanamimina mara tatu: ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu bereka. Hiyo ya tatu ni baraka ileile yetu. Uliza mapema kama wanafanya jioni yenu, maana si kila siku, na inachukua muda.

Sasa halali, na hapa usibahatishe. Ethiopia ina Wakristo wa Kiorthodoksi wengi na Waislamu mamilioni kwa mamilioni, kwa hiyo Uhabeshi wa mkahawa haukuambii lolote kuhusu nyama. Piga simu, uliza nyama na kuku vinatoka bucha gani, nani anachinja. Jibu likinyooka, agiza doro wat. Likipinda pinda, agizeni sinia la mfungo. Waorthodoksi wa kule hufunga Jumatano na Ijumaa na kwaresima ndefu, na wakifunga hawagusi nyama, maziwa wala mayai; ndiyo maana mboga na dengu zao zimeiva kiufundi kuliko za mkahawa wowote unaojiita wa mboga. Uliza beyaynetu ya mfungo: dengu nyekundu, dengu za njano, mboga ya majani, kabichi na viazi, shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu), vyote juu ya injera moja. Mimi binafsi nikienda naagiza hiyo hata nyama ikiwepo. Kitfo iacheni, ni nyama iliyokatwakatwa na kuletwa mbichi. Mkiitaka kweli, semeni leb leb, wataipitisha motoni kidogo. Na kama mkeo ana ujauzito ambao hujaniandikia, hata hiyo leb leb mwiko.

Usiweke nafasi kabla hujaenda mwenyewe. Nenda mchana wa Jumatano, peke yako, bila kumwambia. Sababu ya Jumatano ni hiyo ya mfungo. Agiza kitu kidogo. Injera ikija, kata kipande ukikunje: kikijikunja kama kitambaa kibichi, ni cha leo, kikikatika ukingoni kama karatasi, kimelala. Geuza uangalie macho, yawe yametapakaa mpaka pembeni. Muulize mhudumu kama ni tefu tupu au imechanganywa. Nje ya Ethiopia wengi huchanganya na unga wa ngano au mtama kwa sababu tefu ni ghali, na hilo si kosa, lakini mkeo atauliza, nawe uwe na jibu.

Usile tu ukaondoka. Mtafute anayesimamia, umwambie kwa lugha ya kawaida: "Jumamosi ya tarehe fulani namleta mke wangu, anapenda mapishi, ana mzio wa kamba, ningependa aone injera inavyomiminwa, hata dakika tano." Uliza wanamimina saa ngapi, maana mara nyingi ni kabla wageni hawajajaa. Uliza Jumamosi hiyo zamu ya jikoni ni ya nani. Mwenye mkahawa akisikia mtu anauliza habari ya mpishi badala ya kuuliza maegesho, anakukumbuka. Nimekaa jikoni, najua. Tulikuwa tunaambiwa "meza ya nne yule mama anajua kula", na kwa kweli sahani ya meza ya nne ilikuwa inaonjwa mara mbili kabla haijatoka.

Meza nayo uichague siku hiyo hiyo. Kila mtu atakupa ya bustanini. Wewe omba ya karibu na mlango wa jiko, ile ambayo wenzako wanaikimbia kwa sababu ya kelele za sahani. Harufu zote zinapita hapo.

Hela. Bei sikutajii, zitakuwa zimebadilika kabla hujaenda. Piga picha menyu siku ya Jumatano. Ila angalia maandishi madogo chini ya ukurasa. Ziko menyu zinazotaja bei bila VAT, ambayo huku bara kwa kawaida ni asilimia 18, na zikaongeza ya huduma asilimia 10. Ukila cha 200,000 mahali pa namna hiyo, huduma inakufikisha 220,000, VAT inakufikisha 259,600, na wewe una 250,000 na mke aliyejipamba. Kwa hiyo uliza bei ni ya mwisho au kuna cha kuongezwa. Kwa watu wawili sinia moja la mchanganyiko na doro wat ya pembeni vinatosha, na sidhani kama mtaimaliza hela yote. Tenga ya teksi kwenda na kurudi. Bajaji kutoka Tabata na gauni la sherehe tusitaniane.

Ikiwa Jumatano hiyo injera imekuangusha, au wako kwenye matengenezo, usirudi kwenye bafe. Nenda mjini, mitaa ya Kisutu na Upanga, utafute mkahawa wa Kihindi wa mboga tupu unaopika dosa. Dosa ni ndugu mwingine wa mkate wa kumimina: mchele na dengu vinalowekwa, vinasagwa, vinalala usiku vichachuke, kisha vinatandazwa kwenye bamba la moto vyembamba mpaka vinakuwa kama karatasi ya kahawia, pembeni chatini ya nazi na sambar, mchuzi wa dengu wenye ukwaju. Jiko la mboga tupu halina kamba, halina nyama ya kubishania, na pombe kwa kawaida hamna. Hakuna mishumaa hapo. Taa ni nyeupe kama za duka la dawa, na meza unaweza kuikuta imefunikwa plastiki. Lakini omba kiti kinachotazama bamba. Atakaa hapo anahesabu sekunde tangu unga umiminwe mpaka unyanyuke.

Wapo watakaokwambia umvushe mpaka Zanzibar, na wana hoja yao. Mlo wa darini pale Emerson Spice, Mji Mkongwe, unaletwa kidogo kidogo, sahani baada ya sahani, na lazima uweke nafasi. The Rock, kule Michamvi Pingwe, imejengwa juu ya mwamba. Maji yakitoka mnakwenda kwa miguu, yakijaa mnapelekwa na mashua. Forodhani usiku ina mishkaki na pweza na maji ya miwa. Ila kote huko bahari ndiyo mwenye nyumba, na pale Forodhani moto uleule unachoma kila kitu. Kwa mzio wa mkeo hilo si la kupanga kwa mwezi mmoja na laki mbili na nusu, boti na malazi juu. Liwekee akiba.

Mitandaoni utaingia, siwezi kukuzuia. Picha puuza, picha inakuonyesha taa. Tafuta maoni ya mtu aliyetaja chakula kwa jina na akalalamika jambo dogo: "shiro ilikuwa nzito kidogo lakini injera safi." Huyo alikuwa anakula. Aliyeandika "pazuri sana, huduma nzuri" alikuwa anasindikiza watu. Na menyu ukiikuta ina kurasa nane, pizza, chow mein, biriani na injera pamoja, ujue friza ndilo linalopika.

Keki. Hapa tutagombana kidogo. Najua marafiki zake watataka keki yenye jina na picha, na wengine watataka kuja na ndoo wammwagie maji. Mambo ya maji yaishie uani Tabata, Jumapili, akiwa na khanga. Mkahawani waambie wahudumu mapema wasije na masufuria wakiimba. Fundi aliyeko katikati ya tonge hapendi kukatizwa. Keki ukitaka kwenda nayo, uliza kama wanaruhusu na kama wanatoza. Mimi ningeiacha. Ningenunua halua kipande kizuri, niitoe kwenye karatasi wakati kahawa ya pili inamiminwa. Halua na kahawa chungu vinajuana tangu zamani, na hakuna mpishi wa Kihabeshi atakayekasirika ukimpelekea kipande jikoni. Hapo ndipo mazungumzo yatakapoanza, kwa sababu atauliza hii imepikwaje, na mkeo atasimama.

Jambo jingine ambalo huenda hukulitegemea kwangu: usimfanyie jambo la kushtukiza. Najua watu wanapenda kumfunga mtu kitambaa machoni. Fundi utamu wake unaanza siku mbili kabla. Mwambie Alhamisi usiku, kwa jina, tunakwenda kula injera. Ijumaa nzima atakuwa anasoma, anapiga simu kwa dada zake, anauliza tefu ni nini. Jumamosi mchana msile kitu kizito, uji tu au chungwa. Fikeni saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla ya umati wa saa mbili, wakati mpishi bado ana nafasi ya kusimama.

Mkiwa mezani simu iweke mfukoni. Huhitaji kujua chakula ili uwe mwenzi mzuri wa kula. Kila sahani ikija muulize kitu kimoja tu: "Hii wewe ungeifanyaje?" Kisha nyamaza ule. Utakuwa umempa saa mbili za maongezi.

Beba chupa. Ndogo, ya plastiki, safi, yenye mfuniko. Kabla hamjaondoka, mpeleke kwa yule anayemimina injera akamwombe vijiko vichache vya ersho, au wewe ulipie kama wanauza. Ndiyo zawadi yake hiyo. Njiani aipakate mwenyewe, na mfuniko msiukaze: kitu kinachochachuka kinapumua, na barabara ya Tabata ina matuta.